Lori Lililozimika Longonot

Nekesa mwanangu,

Barua huanza kwa salamu, lakini wewe bado uko Nakuru hii hii, umekaa kwa shangazi yako upande wa pili wa mtaa wa Bondeni ukisukwa nywele, na sauti za wanawake wanaoimba nazisikia hadi hapa jikoni. Nitakupa barua hii usiku huu ukirudi. Usiifungue mbele ya baba yako. Isome kabla hujapanda lori kesho, ukiwa peke yako, kama hao wanawake watakuacha peke yako.

Sitakuandikia habari za kupika, wala za kuamka mapema, wala za kumheshimu mama mkwe. Hayo umeambiwa na kila mwanamke aliyepita mlangoni kwetu wiki hii, wengine wao hata ugali wao unajulikana ulivyo mbichi. Na huyo mama mkwe wako, nikuambie ukweli, simpendi. Hajanikosea kitu. Ila Jumapili alipokushika mkono akakuita "binti yangu" mbele ya watu, mimi nilitabasamu huku moyoni nikitaka kumwuliza wakati wewe unaugua malaria yeye alikuwa wapi. Ndivyo nilivyo, Nekesa. Nina wivu. Haukuanza juzi, na ndio unaonifanya niandike.

Juzi mkiwa mnachambua mchele uliniuliza, "Mama, ni kweli ulimwaga sufuria ya chai ya watu kule Longonot?" Binamu zako wakaangua kicheko. Nikakutuma maji. Ni kweli nilimwaga. Lakini hao wanaocheka wanajua chai tu. Wewe unaolewa na mtu wa reli, mtu atakayekuwa akilala leo Voi, kesho Kisumu, na wewe umebaki na kitanda. Afadhali ulijue jambo hili kutoka kwangu, lote.

Unalikumbuka lori letu kabla halijapakwa rangi ya kijani. Baba yako alilinunua kwa mzungu mmoja wa Njoro, ambaye alikuwa amelichosha kwa ngano mpaka akaona haya kuliendesha. Lilivuja kila kinachoweza kuvuja. Tangi la petroli lilikuwa limeachia mshono, na kifuniko chake kilipotea zamani, kwa hiyo mdomo wa tangi ulizibwa kwa kitambaa kilichoviringishwa. Baba yako alinuka petroli, viazi vya watu vilinuka petroli, mpaka mto wa kulalia ulinuka. Nikamwambia alitengeneze hilo lori au ahamie humo.

Basi akalipeleka kwa fundi Kassim, yule aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Kassim alikuwa fundi mzuri, mtu asimseme vibaya. Alilehemu tangi, akabadilisha pampu ya petroli, akafungua kabureta na kuisafisha, akaweka plagi mpya. Mwishoni kabisa, kama mtu anayepangusa meza baada ya chakula, akatafuta kifuniko cha chuma katika vyuma vyake, akakijaribu kwenye mdomo wa tangi, kikakaa sawasawa, akakikaza. Hicho kifuniko hakuna aliyekizungumzia. Baba yako alirudi anapiga mluzi.

Baada ya hapo ndipo lori lilipoanza kuzimika.

Halikuzimika kila safari. Hilo ndilo lililoniharibu. Lingekuwa linazimika kila siku ningeamini. Lakini lilikwenda Nairobi na kurudi bila hata kukohoa, tena safari ya pili vilevile, halafu siku moja, baada ya kupita Naivasha, kwenye ule mpando wa Longonot na mzigo mzima wa viazi mgongoni, likaanza kushikwa na kwikwi, likapoteza nguvu, likanyamaza. Baba yako alizungusha hendeli mpaka mikono ikaota malengelenge. Likawaka, likaenda kidogo, likazimika tena. Na wakati huo ni Emajensi, miaka ya Mau Mau. Jua likishazama hakuna gari la Mwafrika linaloruhusiwa barabarani, na askari wa kizuizi hawakuuliza mara mbili. Kwa hiyo likimzimikia alasiri, baba yako alilisukuma na watu mpaka karibu na stesheni ya Longonot akalala huko.

Alirudi kwa Kassim. Kassim akafungua kabureta tena. Akaiona safi. Akabadilisha koili, akisema huenda inashika joto. Likaenda safari moja vizuri, safari ya pili likazimika. Akasema waya. Wakabadilisha waya. Akasema petroli ina maji. Wakamwaga petroli, wakapuliza mirija kwa mdomo, na baba yako akarudi nyumbani amevimba midomo. Kassim aliliendesha mwenyewe mpaka Lanet na kurudi, likanguruma kama jipya. Akamwambia baba yako, "Mzee Wafula, hili gari likiwa na mimi halina ugonjwa."

Pale karibu na stesheni palikuwa na hoteli ya mabati, ya chai na maandazi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kikamba aitwaye Ndinda. Mume wake alikuwa akifanya kazi kwenye njia ya reli, akafa, naye hakurudi Ukambani. Hayo niliyajua kwa sababu baba yako aliniambia mwenyewe, wazi, bila kuficha. "Ndinda alinipa blanketi." "Ndinda anasema mvua imechelewa huko kwao." Alilitaja jina hilo kama mtu anavyotaja duka. Na mimi, kila alipolitaja, niliweka chini nilichokuwa nimeshika.

Jirani yetu Mama Achieng, Mungu amsamehe, alikuja siku moja kuomba chumvi. Akakaa. Akasema, "Mama Nekesa, hili gari lenu lina akili sana. Kutoka hapa mpaka Nairobi barabara yote ile, linajua pa kuchokea ni mlangoni pa mjane."

Alicheka. Nami nilicheka. Akaenda na chumvi, akaniachia hilo neno.

Nilimwambia baba yako, "Safari hii tunakwenda wote." Hakukataa. Alifurahi hata, akanitafutia pasi ya kusafiria, akanifutia kiti. Ninakumbuka nilivaa lile gauni la kanisani la maua mekundu. Nilitaka huyo Ndinda aone kwamba lori lina mwenyewe.

Sikumpa baba yako nafasi ya kupumua njiani. Tulipofika Gilgil nilimwambia asimame, nataka maji. Sikuwa na kiu. Nilitaka kuona ni nani atakayemsalimia. Naivasha nilimwambia asimame tena. Hata kabla ya Longonot nilimsimamisha nikasema tumbo linaniuma. Na kila aliposimama, yeye kwa mazoea yake alishuka, akafungua tangi, akaingiza kijiti kupima petroli, maana saa ya petroli ilikuwa imekufa tangu kwa mzungu. Akafunga, tukaendelea. Lori likapanda ule mpando wa Longonot na magunia yake yote kama mbuzi. Tukapita hoteli ya mabati bila kusimama. Niliona tu mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani, akamwaga maji nje, akainua mkono. Baba yako naye akainua mkono.

Tulifika Nairobi, tukauza, tukarudi. Halikuzimika hata mara moja.

Nilisubiri mpaka ameegesha hapa nyumbani. Nikamwambia, "Baba Nekesa, hili gari huzimika ukiwa peke yako tu?"

Alinitazama. Akasema, "Sijui, mama. Naapa sijui."

"Unaapa kwa nani?"

Aliingia chini ya lori na tochi, nami nikahesabu hilo kuwa jibu. Alitafuta huko chini mpaka chakula kikapoa. Sasa najua alikuwa anatafuta kitu cha kunionyesha, hata bolti moja iliyolegea, anishikishe mkononi aseme, hiki hapa. Hakukipata.

Wewe ulikuwa shuleni kwa masista, hukuona jinsi nyumba ilivyokuwa. Nilinusa mashati yake. Nilihama kitanda nikalala kwenye chumba chenu. Siku akirudi mapema niliuliza mbona mapema, akichelewa niliuliza mbona amechelewa, na nikaona uso wake unavyobadilika kila anapokaribia mlango wake mwenyewe. Nikasema, unaona, ana hatia. Mtu ukimwangalia hivyo kila siku, Nekesa, atafanana na mwizi tu.

Kisha ikaja ile safari ambayo alitegemewa kurudi Alhamisi na hakurudi. Ijumaa asubuhi dereva mwingine alipita akasema amemwona Wafula Longonot, lori limeelekezwa Nairobi, viazi bado vimo. Sikumwaga hata machozi. Nilifunga nyumba, nikaenda stesheni, nikapanda treni ya daraja la tatu nimesimama katikati ya kuku na masanduku. Katika ile njia yote sikufikiria kitu kingine ila maneno nitakayosema. Niliyapanga vizuri. Nilipoteremka Longonot na upepo wa vumbi ukanipiga usoni, yote yalinitoka.

Lori lilikuwa limesimama kando ya hoteli, boneti wazi. Baba yako hakuwa kwenye boneti. Niliingia. Hapakuwa na wateja. Baba yako alikuwa ameketi kwenye benchi, viwiko juu ya meza, na macho yake yalikuwa na machozi. Ndinda alikuwa ameketi mbele yake, kidevu mkononi, anamsikiliza. Hawakugusana. Kama ningewakuta wamegusana ningejua la kufanya. Nilikuwa sijawahi kumwona mume wangu analia, na huyu mwanamke alikuwa anamtazama akilia kama mtu aliyezoea.

Palikuwa na sufuria kubwa ya chai kwenye jiko la mkaa. Niliipiga teke. Chai ya siku nzima ya yule mwanamke ikaenda chini, jiko likatoa mvuke, baba yako akaruka juu ya benchi.

"Mama Nekesa!"

"Endelea," nikamwambia. "Endelea kumwambia. Si lori limezimika? Mwambie lori limezimika!"

Ndinda alisimama polepole. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomwona siku ile, na mzuri, sitakudanganya, mzuri wa kukasirisha. Hakupaza sauti. Alisema, "Mama, umenimwagia chai. Sasa nitoleeni lori lenu mlangoni pangu. Nimechoka nalo."

"Haliwaki," baba yako akasema.

"Kafungue tangi," Ndinda akasema. "Wewe kila ukiacha kufungua boneti ukafungua tangi upime petroli, linawaka. Nimeliona hapa mara ngapi? Kafungueni, muondoke."

Baba yako alisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. Mimi nikasema, "Nitafungua mwenyewe." Nilikuwa nataka lisiwake. Sikiliza vizuri hapo, mwanangu. Nilikuwa natoka nje kwa haraka nikiomba mume wangu awe mwongo, ili tu huyo mwanamke asiwe amesema kweli.

Nilikishika kifuniko. Hakikutaka. Kilikuwa kimevutwa chini, kimeng'ang'ania kama kilichogandishwa kwa gundi. Nilikipinda kwa mikono yote miwili na pindo la gauni, na kilipoachia tangi likavuta hewa, fyuuu, ndefu, mpaka nikahisi upepo unapita katikati ya vidole vyangu kuingia ndani. Baba yako aliisikia akiwa mlangoni. Alikuja mbio. Akasema, "Rudia." Lakini halikuwa na la kurudia, lilikuwa limeshapumua. Akaenda mbele, akazungusha hendeli. Injini ikawaka mara ya kwanza.

Hakuna aliyefurahi. Tulisimama watu watatu tukilisikiliza linanguruma.

Ni kile kifuniko cha Kassim, mwanangu. Hakikuwa na tundu. Petroli ikitoka kwenye tangi lazima hewa iingie badala yake, na kile kilikaza hata hewa isipite, kwa hiyo tangi lilifika mahali likaanza kuizuia petroli yake, hasa kwenye mpando injini inapodai nyingi. Kile kitambaa kichafu nilichokilalamikia ndicho kilichokuwa kinapitisha hewa. Na siku ile nilipokwenda na gauni langu la maua, kila niliposema simama, yeye alifungua tangi. Ni mimi niliyeliponya kwa upelelezi wangu. Baba yako alitoboa kifuniko kwa msumari na nyundo hapo hapo, akakirudisha, na tangu siku hiyo lori halijazimika kwa ugonjwa huo.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Mume wangu hakuwa mwongo. Lakini tulipoanza kupanda kuelekea Nairobi, kitu kimoja tu kilikuwa kinanizunguka kichwani: Ndinda ndiye aliyejua. Mimi niliyemfulia baba yako nguo za petroli sikujua, yeye alijua kwa kumtazama tu kutoka mlangoni. Nilimchukia zaidi kuliko asubuhi.

Nikauliza, "Ulikuwa unalia nini?"

Alibadilisha gia. Akasema, "Nilikuwa namwambia juu ya Simiyu."

Wewe ulikuwa mkubwa kiasi cha kumkumbuka ndugu yako. Alipofariki kwa surua nilikunja nguo zake nikazipeleka misheni siku hiyo hiyo baada ya mazishi, na nikasema jina lake lisitajwe ndani ya nyumba yangu. Niliona ndiyo njia pekee ya kuamka asubuhi. Baba yako alijaribu mara moja, tukiwa tunakula, akasema, "Simiyu angependa huu samaki," nami nikasimama nikamwaga chakula changu kwa mbwa. Hakujaribu tena. Nilidhani amesahau. Nilikuwa hata na hasira naye kwa kusahau.

"Mwanangu," nikamwambia ndani ya lori. "Umempa mwanamke wa njiani mwanangu."

"Ni mwanangu pia," akasema. "Na kwako sina ruhusa."

Nilitaka kuteremka. Ningekuta ana mwanamke mwingine, ndugu zangu wangekuja, wazee wangekaa, angelaumiwa, angetozwa mbuzi. Kwa jambo hili ningekwenda kumshtaki kwa nani? Nilimwuliza kama kulikuwa na lingine kati yao. Akasema hapana. Nikauliza kama angependa liwepo. Baba yako hajui kusema uongo, ndiyo taabu yake. Aliendesha mpaka tukafika juu kabisa kwenye ukingo, bonde lote likabaki nyuma yetu, ndipo akasema, "Nilipenda alivyonisikiliza. Sijafika mbali zaidi ya hapo."

Nilimwamini. Kuamini hakukuniondolea kitu.

Labda unaikumbuka jioni moja, ulikuwa umerudi likizo, tukila sukuma na ugali hapa hapa nilipokaa. Nilisema, "Simiyu alikuwa hapendi sukuma, akizificha chini ya bakuli." Wewe uliacha kutafuna ukanitazama. Baba yako aliweka tonge chini. Kisha akasema, "Na bakuli lilikuwa linainama upande mmoja," na akacheka, na akalia, na wewe ukalia bila kujua sababu ya siku hiyo kuwa siku hiyo. Sababu ni hii. Nilisema jina la mwanangu kwa wivu. Sikulisema kwa wema. Nililisema kwa sababu sikutaka mtu mwingine awe ndiye anayelijua zaidi yangu. Lakini nililisema, na jioni iliyofuata ilikuwa rahisi kidogo.

Sijui utafanya nini na haya. Huyo kijana wako ana macho ya upole na atakuwa na stesheni zake. Mahali fulani kutakuwa na mtu atakayemwonea huruma. Ukianza kunusa mashati, mimi siwezi kukukataza, nitakuwa ninajua wivu huo uliurithi wapi. Ila kabla hujapanda treni kumfuata, jiulize ni neno gani ambalo nyumbani kwako hathubutu kulisema. Ningeulizwa hivyo na mama yangu ningekuwa na sufuria moja pungufu ya kujibia mbele ya Mungu.

Nasikia wanawake wamenyamaza, nadhani nywele zimekwisha. Nimalizie.

Kesho baba yako ndiye anayekupeleka, na mimi nabaki na wageni. Hilo nalo linanichoma, atakuwa nawe bonde zima na mimi nitakuwa nasugua masufuria. Akianza kuzungumza, mwache azungumze mpaka mwisho. Na mtasimama Longonot. Husimama kila safari, anakunywa kikombe kimoja, ananiambia akirudi. Ndinda ameuliza mara nyingi kukuona. Teremka, mpe mkono, mwambie mama anakusalimu. Ndiyo, sema hivyo, ninakutuma.

Kisha ukifika Nairobi uniandikie. Kama umemkuta Ndinda amezeeka, niandikie upesi. Kama umemkuta hajazeeka, niandikie habari za hali ya hewa.

Ni mimi mama yako, niliyekupata wakati wa mavuno, na nisiyejua kukugawa.